Mbwa Koko, Paka Shume na Magonjwa Yanayovuka Mipaka ya Hifadhi

Ukiuliza nani adui wa wanyamapori, wengi watakutajia majangili. Mbwa hatajwi. Lakini mwaka 1994 takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaojulikana zaidi kwa mbwa wa kufugwa. Simba walionekana wakitetemeka na kupata degedege kabla ya kufa. Nako katika milima ya Bale, Ethiopia, kichaa cha mbwa kimewahi kuua mbwamwitu wengi wa jamii adimu isiyopatikana nje ya nchi hiyo.

Visiwani hali huwa mbaya zaidi, kwani ndege wa huko wameishi vizazi na vizazi bila kumjua mnyama awawindaye. Katika kisiwa cha Stephens, New Zealand, paka walifika na walinzi wa mnara wa taa katika miaka ya 1890. Ndege mdogo asiyeweza kuruka aliyeishi pale alitoweka ndani ya miaka michache. Wafugaji hupenda kusema, "Paka wangu anashiba, hawindi." Si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba.

Paka hao hao hubeba kimelea cha toksoplazma. Mayai yake hutoka na kinyesi, na huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Ndiyo maana tunasisitiza sanduku la mchanga lisafishwe kila siku, tena si na mama mjamzito, kwani kimelea kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mvua huyasomba mayai hayo hadi baharini, na huko Hawaii yameua sili, mamalia wa baharini walio hatarini kutoweka.

Kwa binadamu, kinachotutia hofu zaidi ni kichaa cha mbwa. Huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Kuwaua mbwa ovyo hakujasaidia popote. Wengine huja kujaza nafasi. Kinachosaidia ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na chanjo hiyo huwakinga pia wanyama wa porini wanaopakana nao.

Uking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri dalili, zikishaonekana, kupona ni nadra mno.