Je, wajua kwa nini kifaranga aliyetimia hufia ndani ya yai?

Pasua yai la kuku lililobaki kwenye kiatamizi (mashine ya kutotoleshea) siku ya 23, wakati wenzake walitotoa siku ya 21. Huenda usikute yai viza. Unaweza kumkuta kifaranga aliyetimia: manyoya yameota, kucha zipo, na kwenye ncha ya mdomo kuna kile kijino cheupe cha kuvunjia ganda. Amelowa chepechepe, shingo imevimba, na ganda lake halina hata ufa.

Kwa muda mrefu niliamini najua sababu: hewa ilikuwa kavu, ganda likawa gumu, kifaranga akashindwa kulivunja. Kwa hiyo dawa ilikuwa maji. Nilijaza vibakuli vyote viwili vya maji vya kiatamizi tangu siku ya kwanza, na kila jioni nikanyunyizia mayai maji ya vuguvugu. Katika mayai 20 walitoka vifaranga sita. Wengine wanane walikuwa ndani, wametimia, wamekufa.

Kosa hili limeenea sana kwa wanaototolesha nyumbani, nami nataka kulifumua polepole. Ganda la yai ni kalisi kaboneti, jamii moja na mawe ya chokaa. Halilainiki kwa mvuke wala kwa kunyunyiziwa. Tena siku ya 21 ganda huwa dhaifu kuliko lilipotagwa, kwa sababu kifaranga ameshachota humo kalisi ya kujengea mifupa yake. Kinachoweza kukauka na kukaza kama ngozi ya ngoma ni utando ulio chini ya ganda, na hilo hutokea mwishoni, ganda likishatobolewa na hewa kavu ikaingia. Sisi huchukua tahadhari ya siku tatu za mwisho tukaitumia kwa siku zote 21. Na dalili zenyewe zinatukataza: kifaranga aliyekaushwa huwa mdogo, amegandamana na utando mkavu; aliyevimba na kulowa amezidiwa na maji. Wangu walikuwa wamelowa, na awamu iliyofuata niliwaongezea maji tena.

Ukweli ni kwamba yai linatakiwa kupungua. Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na maji hupenya humo taratibu yakaenda na hewa, kama yanavyopenya kwenye mtungi wa udongo. Yai la kuku lenye gramu 60 linapaswa kupoteza gramu 7 hivi kufikia siku ya 18, yaani karibu asilimia 12 ya uzito wake. Sasa fikiria nguo iliyoanikwa siku ya manyunyu. Kamba ipo, muda upo, joto lipo, lakini hewa imeshashiba maji, basi nguo inashinda mbichi. Ndivyo lilivyo yai kwenye kiatamizi chenye unyevu wa asilimia 70 tangu mwanzo. Kipimajoto kinasoma nyuzi 37.5 barabara, na yai halipungui inavyotakiwa.

Maji yakitoka, hewa huchukua nafasi yake. Yai linapotagwa lina joto la mwili wa kuku, karibu nyuzi 41. Likipoa, vilivyomo husinyaa, tando mbili za ndani huachana upande ulio butu, na hewa inaingia katikati. Hicho ndicho chumba cha hewa. Ukimulika yai gizani utakiona kama kofia angavu, na kila wiki kofia hiyo huwa kubwa zaidi.

Mpaka siku ya 19 hivi, kifaranga hatumii mapafu. Hupumua kupitia mishipa ya damu iliyotandazwa chini ya ganda, ganda zima likiwa ndilo pafu lake. Akishakua, mishipa hiyo haimtoshi tena. Kabonidayoksaidi inazidi mwilini, misuli ya shingo inashtuka, mdomo unatoboa utando na kuingia kwenye chumba cha hewa. Hapo anavuta pumzi ya kwanza, na ukitega sikio unaweza kumsikia akilia ndani ya yai ambalo bado halina ufa. Mimi bado hustaajabu kila ninapomsikia.

Fikiria mtu aliyeibuka chini ya mtumbwi uliopinduka. Hewa iliyonaswa humo ikimtosha, atapumua, atakusanya nguvu, kisha atajitoa. Ikiwa ni kiasi cha kujaza kopo, muda wake umekwisha kabla hajatafuta pa kutokea. Kifaranga naye huishi kwa hewa ya chumba kile kwa saa nyingi, pengine karibu siku nzima, kabla ya kudonoa ganda. Chumba kikiwa kidogo, hewa humwishia. Na maji yaliyopaswa kutoka yamembana na kumvimbisha hata kugeuka hawezi.

Ndiyo maana siku hizi naamini mizani kwanza. Mayai 20 ya gramu 60 ni gramu 1,200 bila trei. Yakipungua gramu 8 hivi kwa siku, siku ya 7 yasome karibu 1,144. Yakisoma 1,170, punguza maji au fungua zaidi matundu ya hewa. Yakisoma 1,110, ongeza maji. Unyevu wa asilimia 50 hadi 55 ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa mayai yenye ganda jembamba hukauka upesi kuliko mengine. Na kijaribu kipima unyevu chako: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, uvifungie vyote viwili kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa saa 12. Kinapaswa kusoma 75. Changu kilisoma 64, kumbe nilipodhani niko 60 nilikuwa nimepita 70.

Si kila yai lililogoma lina kisa hiki. Yai lisiloonyesha mshipa wowote siku ya 7 huenda halikurutubishwa. Pete ya damu unayoiona ukilimulika yai ni kifo cha siku za mwanzo. Chunguza joto, na kama mayai yalikaa zaidi ya wiki kabla ya kuwekwa. Vifaranga wanaochelewa kutoka, matumbo makubwa na laini, hudokeza joto la chini. Mayai yaliyowekwa ncha juu huzaa vifaranga wanaoelekeza kichwa upande usio na hewa.

Siku ya 18 acha kugeuza mayai, pandisha unyevu hadi asilimia 65 au 70, ufunge mlango usifungue ovyo. Hapa maji yana kazi yake halali, kuulinda utando usikauke. Tundu la kwanza likionekana, kifaranga anaweza kutulia saa 12 hadi 24 huku kiini kilichobaki kikiingia tumboni na damu ya ile mishipa ikirudi mwilini. Ukibandua ganda kabla ya hapo utaona utando ukitoka damu. Ukiiona, mrudishe ndani na umwache amalize.