Bagamoyo na watoto: anzeni kwa mpagazi

Likizo ikikaribia, wazazi huniuliza swali lilelile: tukifika Bagamoyo na watoto, tuanzie wapi? Kazi yangu ni historia ya misafara ya karne ya 19, na jibu langu ni lile siku zote. Anzeni Caravan Serai, palipokuwa kituo cha misafara, ndipo mwende kwenye makumbusho ya Misheni ya Kikatoliki. Wageni wengi hufanya kinyume. Wakishuka tu kwenye basi wanakwenda moja kwa moja Misheni, maana huko majengo ni makubwa na kivuli kipo. Wanaonyeshwa minyororo, wanasikia jina la Livingstone, mvumbuzi wa Kiskoti, wanapiga picha, wanarudi. Mtoto anaondoka akiamini kwamba kila Mwafrika aliyeingia mji huu kwa miguu aliingia akiwa amefungwa shingo. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu maelfu ya watu waliotembea njia ile walikuja kutafuta ujira, kwa hiari yao, na walijua thamani ya kazi yao.

Bagamoyo ya miaka ya 1860 na 1870 ilikuwa kwanza kabisa mji wa pembe za ndovu. Biashara kubwa ya watumwa katika pwani yetu ilipitia zaidi Kilwa, kwa watu waliokamatwa upande wa Ziwa Nyasa. Hapa Bagamoyo watumwa walipita, waliuzwa na walitumikishwa mashambani, na hilo halifichiki. Lakini mzigo uliojenga nyumba za mawe za mji huu ulikuwa pembe, zilizotoka Unyamwezi, Ujiji na Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Zilipita Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, zikashuka mpaka pwani, kisha zikavushwa kwa jahazi kwenda Unguja. Wanyama wa kubeba mizigo hawakufaa, kwani mbung'o waliwamaliza njiani. Kwa hiyo kila pembe, kila mtumba wa kitambaa na kila mfuko wa shanga ulisafiri kichwani au begani mwa mtu, kwa zaidi ya kilomita 800, kwa muda wa miezi miwili mpaka mitatu.

Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na hapo hujahesabu mkeka wa mpagazi, chakula chake na silaha yake. Kabla hamjatoka nyumbani, mwambieni mtoto ajaribu kuinua kiroba cha unga cha kilo 25. Atakachokisikia mgongoni kitamfundisha kuliko kibao chochote cha maelezo.

Kitu ambacho familia nyingi hazikijui ni kwamba misafara ya Wanyamwezi ilikuwa na familia ndani yake. Wanawake walisafiri na waume zao, wakipika, wakibeba vyungu na wengine wakibeba mizigo yao wenyewe. Vijana wadogo walipewa vitu vyepesi, mkeka au chungu, wapate kuizoea njia. Safari ya kwanza ya pwani ilikuwa hatua ya kukua kwa kijana wa Kinyamwezi. Wengi walitoka kiangazi, mashamba yakiwa yamekwisha vunwa, wakarudi kuwahi mvua. Mtoto akisikia hivyo huacha kuuliza "tunaondoka saa ngapi" akaanza kujitafutia nafasi yake katika msafara.

Mara ya mwisho nilikwenda na mama yangu, dada yangu na wanawe wawili. Tulipokuwa uani pale Caravan Serai nikaanza kueleza, kama ilivyo ada yangu, mambo ya njia na vituo. Mama hakuwa na subira. Alivua kanga yake ya begani, akaisokota ngata, akamwita mjukuu wake wa kiume.

"Njoo hapa, mume wangu. Simama wima."

Akamtwika begi letu, lenye chupa za maji na chakula cha mchana. Yule mtoto akatembea hatua chache, shingo ikamkaza, akaanza kulishika begi kwa mikono miwili.

"Bibi, linauma!"

"Bado hujatembea. Achia mkono mmoja. Shingo ndiyo ibebe, siyo mikono."

Dada yake akanigeukia: "Mjomba, na hao walilipwa?"

Swali zuri kuliko yote, na kila mzazi aombe mwanawe aliulize. Walilipwa kwa mapatano, ama kwa kitambaa, hasa merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ama kwa fedha za riale, na njiani walidai posho ya chakula. Wakiona wamepunjwa waliweza kutua mizigo katikati ya pori na kukataa kuendelea, au kutoroka usiku. Wazungu waliosafiri nao walijaza vitabu vyao malalamiko juu ya "uvivu" na "ukaidi" wa wapagazi. Mimi nikiyasoma malalamiko hayo naona wafanyakazi wakitetea ujira wao.

Kuwakusanya wapagazi ilikuwa biashara yenyewe. Mtu mmoja aliyetajirika kwayo ni Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi aliyezaliwa Bagamoyo mwaka 1851 na kufariki mwaka 1897. Aliwapatia wasafiri wapagazi na bidhaa za njiani, kisha sehemu ya mali yake akaitoa kwa shule na hospitali. Waliowahi kulaza mgonjwa wao Muhimbili wanalijua jengo la Sewahaji. Waambieni watoto kwamba jina lile limetoka huku.

Sasa twendeni Misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika kutoka Unguja mwaka 1868, na makumbusho yamo katika iliyokuwa nyumba ya masista, iliyojengwa mwaka 1876. Hapo ndipo penye pingu na minyororo, na hapo wazazi wengi hutahayari. Wengine huwavuta watoto kwa haraka, wengine huwaacha wacheke na kujipima. Yote mawili siyapendi. Simameni. Mwambie mtoto kwa maneno mepesi kwamba mtu alimkamata mwenzake akamuuza, na kwamba waliouzwa walikuwamo watoto wa umri wake. Mtoto wa miaka saba analielewa hilo vizuri. Kisha mrudisheni kwa yule mpagazi wa asubuhi: huyu alitembea ili alipwe, huyu alitembezwa. Wote wawili walipita mji mmoja, wakati mwingine katika msafara mmoja, na kuwatofautisha ndiyo heshima tunayoweza kumpa kila mmoja wao.

Wamisionari waliwanunua watoto watumwa na kuwakomboa, wakawalea hapa kwa sala, shule na kazi ya shamba. Walipokua na kuoana walikaa katika kijiji kilichoitwa Kijiji cha Uhuru.

Wageni wengi hudhani utumwa uliisha Wajerumani walipoingia, na hapa huwa naongeza sauti kidogo. Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza. Wajerumani, ambao makao yao makuu ya mwanzo yalikuwa hapahapa Bagamoyo hadi mwaka 1891, hawakuwahi kuufuta utumwa wenyewe. Walichofanya ni kutoa hati za uhuru kwa mtu mmojammoja, na kuamuru kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 atakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Fanyeni hesabu na mama zenu. Mtu aliyezaliwa mtumwa angeweza kabisa kuwa jirani wa bibi yake bibi yenu.

Nje kuna mbuyu uliopandwa mwaka 1868, na shinani mwake umetokeza mnyororo. Kila familia hukimbilia kupiga picha, na kila mara nasikia mtu akisema, "Hapa ndipo walipofungwa watumwa." Hapana. Kwa masimulizi ya Misheni yenyewe, mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, alikuwa akimfunga punda wake hapo, na mti ukanenepa ukaumeza mnyororo. Unaonekana kipande kifupi tu, chuma chenye kutu kikizama ndani ya gome. Mwacheni mtoto akiguse. Ni njia nzuri ya kumfundisha kwamba si kila mnyororo wa Bagamoyo ulivaliwa na mtu, na kwamba kabla ya kulia au kukasirika ni vema kuuliza.

Livingstone namweka mwisho, na hata hapo namsimulia kama mzigo. Alifariki mwezi Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga na kuubeba kwa miezi tisa hivi. Halima, mpishi wake, alikuwamo. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, aliwashauri wauzike hukohuko, wakakataa. Mbele kidogo ya Unyanyembe wenyeji waliogopa, wakakataa maiti isipite kwao. Chuma na Susi wakatengeneza furushi la uongo, wakajifanya wanalirudisha likazikwe, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mtumba wa kitambaa. Walijua vizuri kwamba katika njia ile mtumba wa kitambaa haumshangazi mtu. Tarehe 24 Februari 1874 waliufikisha Misheni, ukalazwa katika kanisa ambalo mnara wake bado umesimama, na kesho yake ukachukuliwa kwa meli kwenda Unguja. Alizikwa London mwezi Aprili. Chuma na Susi hawakuwapo mazikoni. Walialikwa Uingereza baadaye mwaka huohuo.

Wapwa zangu waliniomba nirudie hadithi ya lile furushi la uongo njiani mpaka tulipopata mihogo ya kuchoma. Simulieni ile kwanza, tarehe zitafuata zenyewe.

Kuhusu Kaole, gofu la mji wa kale lenye msikiti na makaburi ya nguzo tangu karne ya 13, ni kama kilomita tano kusini mwa mji na bajaji zinafika. Liacheni kwa siku nyingine. Ule ni mji wa Waislamu wa pwani, wa zamani sana kuliko misafara, na unataka watoto waliolala vizuri, viatu vya kufunga, na asubuhi kabla jua halijapanda.