Mkono Upi Ukae Juu? Desturi za Kikorea Ndani ya Harusi ya Leo

Harusi ya ukumbini mjini Seoul siku hizi ni fupi. Gauni jeupe, pete, hotuba, picha. Baada ya nusu saa hivi wageni wameshaelekea kwenye chakula. Mila huingia mwanzoni, mama wawili wanapowasha mishumaa, na mwishoni, maharusi wanapobadili nguo na kuingia chumba cha pembeni kwa ajili ya pyebaeki, yaani salamu ya kuwainamia wazee. Wengi sasa wanaiacha pyebaeki kabisa. Kwa wanaoitaka mila, nasema hivi: chagueni mbili tatu mzifanye kikamilifu. Maana imekaa kwenye rangi, idadi na mkono. Ukikosea hapo, yanabaki mapambo tu.

Mishumaa ni rahisi. Mama wa bwana harusi huwasha wa buluu, mama wa bibi harusi huwasha mwekundu, na hanboki zao, yaani mavazi ya jadi ya Kikorea, kwa kawaida hufuata rangi hizo: huyu buluu, yule waridi. Kubalianeni kabla ya kukodi nguo, la sivyo mama wote wawili watatokea na waridi.

Kwenye bata watu wengi huchanganya. Zamani bwana harusi alipeleka bata bukini mwitu kwa kina bibi harusi, kwa imani kwamba ndege huyo akishapata mwenzi habadilishi. Sasa hutumika wa mbao. Ile jozi ya bata wadogo wa rangirangi inayouzwa madukani ni ndege wengine, ni pambo la nyumbani la wanandoa. Wa kupelekwa ni bukini. Mfungeni kitambaa kichwa kikibaki nje. Bwana harusi ambebe kwa mikono miwili, kichwa kikielekea kushoto, amweke mezani kisha ainame mara mbili. Mama mkwe humpokea kwa sketi yake.

Kinywaji cha pamoja hunywewa kwenye nusu mbili za kibuyu kimoja. Kimoja, narudia. Duniani hakuna nusu nyingine itakayolingana na ile, ndiyo maana vibuyu viwili tofauti, hata viwe vizuri namna gani, haviwafai maharusi. Kibuyu kipya huachia uchungu, kwa hiyo kiloweke, kisuuze, kikauke kabla ya siku yenyewe. Kwa kuwa kitako chake ni cha mviringo, kiwekee kata ya kitambaa kisipinduke, na mimina hadi theluthi tu.

Sasa pyebaeki. Wakwe huketi mbele ya kiwambo cha kukunja, mezani pana kunazi kavu zilizotungwa kwenye uzi mwekundu, chesnati (aina ya kokwa za kuliwa) na nyama kavu ya ng'ombe. Zamani ilikuwa ya upande wa mume peke yake. Leo wazazi wa bibi harusi nao huketi na kuinamiwa, na naona ni badiliko jema. Wazazi huinamiwa kwanza hata kama babu na bibi wapo. Wa zamani walitaka mke ainame mara nne kwa wakwe. Siku hizi mara moja yatosha.

Kosa kubwa liko mikononi. Kwenye sherehe, mwanamke huweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Mwanamume, wa kushoto juu ya wa kulia. Msibani hugeuzwa. Kwa hiyo bibi harusi aliyeweka kushoto juu amewasalimia wakwe kwa mikono ya matanga, na mzee anayejua ataliona hilo papo hapo. Fanyeni mazoezi mkiwa mmevaa soksi, sakafuni. Mwanamke anainua mikono hadi usawa wa paji la uso, anapiga goti la kushoto, kisha la kulia, anaketi, anainamisha mwili kiasi cha nyuzi 45, anatulia kidogo, ndipo anaanza kunyanyuka kwa goti la kulia. Mwanamume huweka mikono sakafuni, magoti kwa utaratibu uleule, paji la uso likishuka hadi mikononi.

Baada ya hapo mama mkwe huigusa au kuipapasa ile nyama kavu, ishara kwamba atafunika makosa ya mkwe wake. Baba mkwe hushika kunazi. Kisha hurushwa kunazi na chesnati, maharusi wakizidaka kwa kitambaa cheupe: kunazi ni wavulana, chesnati ni wasichana. Kitambaa kikivutwa kikakaza kama ngozi ya ngoma, kila kitu kinaruka nje. Kiacheni kilegee katikati, na wazee warushe kutoka karibu. Tengeni konzi moja ya kunazi zisizotungwa, maana za kwenye uzi hazirushiki. Chesnati zilizomenywa hubadilika rangi haraka. Zikae kwenye maji na zikaushwe dakika za mwisho, zikiwa na majimaji zinateleza. Wazee hutunza kwa bahasha nyeupe, ipokeeni kwa mikono miwili.

Nguo hukodishwa hapohapo. Bwana harusi huvaa joho la ofisa wa serikali, kwani enzi za Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, hata mtu wa kawaida aliruhusiwa kulivaa siku ya ndoa yake. Kofia ndogo ya bibi harusi, jokduri, huhitaji nywele zilizofungwa chini kisogoni ili pini refu ipite. Msusi aambiwe asubuhi, kabla ya gauni. Fundo la juu utosini halifai, na kulifungua katikati ya shughuli kunakula robo saa. Vile vidoti vyekundu vya mashavuni na kwenye paji, kinga dhidi ya mabaya, siku hizi ni stika.

Joho la bibi harusi ni zito na mikono yake inafika chini. Wawekeni wasaidizi wawili, mmoja kila kiwiko, wafanye kazi ya somo: wamshushe, wamwinue, na wavute pindo lisikanyagwe wakati anasimama, kwa sababu anaanguka akiwa ananyanyuka.