Laocoön akishika mtungi

Wachongaji wa Roma ya kale walizoea kuyapa majira sura ya binadamu. Kwenye majeneza yao ya marumaru, Kiangazi ni kijana au mwanamke mzuri aliyeshika mundu na masuke ya ngano, mkavu, hana hata tone la jasho. Pieter Bruegel, mchoraji wa Flandria wa karne ya 16, hakuridhika na huyo. Chapa, yaani picha iliyochapwa kutoka bamba la shaba, ninayopenda kufundishia kuliko zote ni "Aestas" yake, yaani Kiangazi, iliyotolewa Antwerp mwaka 1570 na mchapishaji Hieronymus Cock.

Karatasi yenyewe ndogo, takriban sentimita 22 kwa 28. Mbele kabisa yupo mvunaji, kaegemea nyuma, mguu kaunyoosha, mtungi mkubwa mdomoni. Anagugumia. Mguu wake na fyekeo la mpini mrefu vimevuka mstari wa chini wa picha na kukanyaga eneo la maandishi ya Kilatini. Nyuma yake kuna aliyejitwika kapu la mazao, na kapu limemeza kichwa chake; unabaki kuona mwili unaotembea na mboga juu ya mabega.

Sasa mweke huyo mnywaji kando ya sanamu ya Laocoön, kuhani wa Troya anayenyongwa na nyoka. Kiwiliwili kilekile kizito, kichwa kilekile kilichotupwa nyuma. Sanamu ilifukuliwa Roma mwaka 1506 kwenye shamba la mizabibu, na Bruegel alikuwa Roma mwaka 1553. Enzi hizo Laocoön alikuwa amebandikwa mkono wa kulia ulionyooka juu. Ule wa asili, uliokunjwa, ulitambuliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wapo wanaosema Bruegel aliidhihaki sanamu. Mimi sioni dhihaka. Naona mtu aliyegundua kwamba kiu ya shambani nayo inapinda mgongo, akamwondoa nyoka, akaweka mtungi.

Bruegel alichora tu, mwaka 1568. Mchoro wake uko Hamburg. Aliyeuchonga kwenye bamba la shaba ni Pieter van der Heyden. Kazi hiyo ni ya kusukuma kalamu ya chuma yenye ncha kali, inayochimba mfereji kwenye shaba, huku bamba likizungushwa taratibu ili mfereji upinde. Wino hujazwa mferejini, bamba hupanguswa, karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake. Kila kitu hutoka kimegeuka. Bamba langu la kwanza lilichapa jina langu kinyumenyume, na mwalimu wangu alilitundika ukutani mwaka mzima.

Bruegel alifariki mwaka 1569, akiwa amemaliza Machipuo na Kiangazi tu. Cock alimpa mchoraji mwingine, Hans Bol, majira mawili yaliyobaki. Kwenye chapa ya Baridi ya Bol watu wanateleza kwenye barafu, wadogo kama sisimizi. Hakuna hata mmoja anayefika kwenye maandishi.