Ada ya leseni ya televisheni si malipo ya kifurushi

Kila panapozuka ubishi kuhusu televisheni ya umma, kuna kauli haikosekani: "Chaneli yao siitazami, nilipie nini?" Hutamkwa kwa kujiamini kwelikweli, na kwa mtu anayenunua kifurushi cha king'amuzi kila mwezi ina mantiki. Ila ada ya leseni haifanyi kazi kama kifurushi, wala haikubuniwa ili ifanye hivyo.

Maana yake kwa ufupi: ni fedha ambayo sheria inamtaka mwenye kupokea matangazo, au kaya nzima, kuilipa kwa mwaka au kwa mwezi, na makusanyo yake hugharimia shirika la utangazaji la umma. Kiwango, mkusanyaji na adhabu hutofautiana nchi na nchi. Kinachowachanganya watu ni lile neno "leseni".

Leseni ni ruhusa. Mwenye leseni ya udereva hajalipia petroli, na hawezi kudai arudishiwe ada kwa kuwa mwaka huu gari lililala nyumbani. Uingereza, ambako mfumo huu ndiko unakotajwa zaidi, sheria ya mwaka 1904 ilikwisha kukataza mtu kuwa na mtambo wa simu ya upepo bila kibali. Wakati huo BBC haikuwapo. Ilianzishwa mwaka 1922, na mwaka huohuo wasikilizaji wa redio wakaanza kukata leseni ya shilingi 10. Kwa hiyo ruhusa ya kupokea mawimbi ilitangulia vipindi kwa miaka 18. Leseni ya televisheni ikafuata mwaka 1946 kwa pauni 2, ya televisheni ya rangi mwaka 1968, na ile ya redio peke yake ikafutwa mwaka 1971. Tangu hapo msikilizaji wa redio asiyetazama televisheni halipi chochote, ingawa redio za BBC zinaendeshwa kwa fedha hiyohiyo. Anayedai kwamba kila mtu hulipia anachotumia na aanze kwa kulieleza hilo.

Tuitazame leseni ya Uingereza kwa karibu, kwa sababu hata watetezi wake huieleza vibaya. Haidaiwi kwa kuwa na seti ya televisheni. Inadaiwa kwa mambo mawili: kutazama au kurekodi matangazo ya chaneli yoyote yanaporuka mubashara, kwa kifaa chochote, na kutumia iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi kwa wakati wako, ambayo iliingizwa kwenye sharti hili tarehe 1 Septemba 2016. Maana yake ni kwamba anayetazama mpira mubashara kwenye simu, kwa chaneli ya kigeni, anahitaji leseni hata kama hajawahi kufungua BBC maishani mwake. Na mwenye seti ya inchi 75 sebuleni, ambaye huitumia kwa michezo ya kompyuta na filamu za Netflix za kuchagua mwenyewe, hahitaji. Lakini siku Netflix hiyohiyo inaporusha pambano la ngumi mubashara, akilitazama amevuka mstari.

Leseni moja hutosha nyumba nzima, seti ziwe moja au tano. Mpangaji mwenye mkataba wake wa chumba hujitegemea. Mwanafunzi aliye mbali na nyumbani anaweza kutumia leseni ya wazazi wake kwa sharti linalochekesha kidogo: kifaa kiwe kinatumia betri yake ya ndani, kisiwe kimechomekwa kwenye umeme wala kuunganishwa na antena. Akichomeka chaja katikati ya kipindi, anatakiwa awe na leseni yake. Tangu Aprili 2025 ada ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, na pauni 58.50 kwa yule ambaye bado anatumia televisheni ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe.

Hapo ndipo tofauti na kifurushi inapoonekana. Muda wa kifurushi ukiisha, kampuni inakukatia. Kadi inafungwa, skrini inatoa ujumbe, habari imekwisha. Mawimbi ya antena ya televisheni ya umma kwa kawaida hayafungwi kwa msimbo. Yanamfikia aliyelipa na asiyelipa, na hakuna swichi ya kumzimia mmoja. Ndiyo maana deni la kifurushi halikufikishi mahakamani, ilhali la leseni laweza. Uingereza ni kosa la jinai, na faini yake inaweza kufika pauni 1,000. Hapa pia kuna kauli ya kurekebisha: hakuna anayefungwa jela huko kwa kutazama bila leseni. Walioingia jela waliingia kwa kutolipa faini ambayo mahakama ilikwisha kuwatoza, na hilo ni kosa jingine.

"Basi yafungwe kwa msimbo, anayetaka alipe." Linawezekana kiufundi kwa televisheni, lakini kila kipokezi lazima kiwe na uwezo wa kufungua msimbo huo, na redio za kawaida hazina. Zaidi ya vifaa, biashara yenyewe inageuka. Kurusha mawimbi kwa mtazamaji mmoja zaidi hakuongezi gharama, hivyo kumfungia asiyelipa hakuokoi hata senti, kunamwondoa tu. Shirika linaloishi kwa wanaojiunga huanza kutengeneza kile ambacho wenye uwezo wa kujiunga watakilipia. Taarifa kwa lugha ya watu wachache, vipindi vya watoto visivyo na matangazo ya biashara, mkalimani wa lugha ya alama, habari za jimbo lenye wakazi haba: hivyo vyote ni hasara katika hesabu ya vifurushi. Unaweza kusema hutaki vitu hivyo vigharimiwe na umma. Ni msimamo halali. Usiseme tu kwamba kufunga mawimbi kutaviacha kama vilivyo.

Wajerumani waliliweka wazi jambo hili kuliko wote. Hadi mwisho wa 2012 walitoza kwa kifaa, na wakaguzi walikuwa wakipita kuuliza nani ana redio na nani ana televisheni. Kompyuta na simu zilipoanza kupokea matangazo, hesabu ya vifaa ikapoteza maana. Kuanzia Januari 2013 wakahamia kwenye mchango wa kila makazi: nyumba moja, mchango mmoja, uwe na kifaa au huna. Tangu Agosti 2021 ulikuwa euro 18.36 kwa mwezi. Waliopinga walifika Mahakama ya Katiba, na hukumu ya Julai 2018 ikawajibu: kinacholipiwa ni fursa ya kupokea matangazo, na fursa hiyo ipo hata usipoitumia. Mahakama hiyohiyo ikakataa mtu mmoja atozwe kwa nyumba ya pili, kwa sababu hawezi kutazama akiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Sheria yao inatenganisha vitu vitatu ambavyo huku kwetu tunavibeba katika gunia moja. Kodi huingia mfuko mkuu na haimwahidi mlipaji kitu mahususi. Ada hulipiwa huduma ambayo mtu ameipokea. Mchango hulipiwa nafasi ya kunufaika. Leseni ya televisheni inaitwa ada, hukusanywa kama kodi, na hoja yake ni ya mchango. Si ajabu watu wanapotea.

Hata wataalamu hawakukubaliana. Idara ya takwimu ya Uingereza iliihesabu ada hii kuwa malipo ya huduma hadi mwaka 2006, ilipoihamishia kwenye fungu la kodi. Kimahesabu walikuwa sahihi: ni ya lazima, na fedha yenyewe hupitia Hazina kabla ya kurudi BBC. Lakini ni kodi yenye kasoro ambayo wanaosema "siitazami" huiruka kabisa, nayo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yake: tajiri na mlalahoi hulipa sawasawa. Pauni 174.50 kwa mwenye jumba la kifahari ni chenji, na kwa anayeishi kwa kibarua ni chakula cha siku kadhaa. Finland iliona hivyo, ikaachana na ada ya kifaa mwaka 2013 na kuweka kodi maalumu ya utangazaji inayopanda na kipato hadi kikomo fulani. Sweden ikafuata mwaka 2019 kwa asilimia 1 ya kipato yenye kikomo, baada ya mahakama yake ya juu ya utawala kuamua mwaka 2014 kwamba kompyuta yenye intaneti si kipokezi cha televisheni. Hukumu hiyo ilitosha kuonyesha kwamba ada ya kifaa imefika mwisho wa njia.

Ukusanyaji nao una mambo yake. Italia, iliyokuwa ikisumbuliwa na wakwepaji, iliiingiza ada katika bili ya umeme mwaka 2016. Mwenye umeme nyumbani huchukuliwa kuwa ana televisheni mpaka atoe tamko kwamba hana. Ukwepaji ukaporomoka, na mwaka uliofuata ada ikashushwa kutoka euro 100 hadi 90. Afrika Kusini ni kinyume. Ada ya nyumbani ni randi 265 kwa mwaka, na muuza duka haruhusiwi kumuuzia seti asiye na leseni. Kwenye karatasi ni mtego mzuri. Lakini unamnasa mtu siku ya kununua tu: mwaka wa pili hakuna anayemwona, seti iliyokwisha kutumika hupata mwenye mpya bila kupitia duka, aliyehama hafikiwi na ankara, na simu haihitaji leseni ili iuzwe. Anayechelewa huongezewa asilimia 10 kila mwezi mpaka deni lifike maradufu, na deni likishafika hapo mdaiwa huacha hata kufungua barua. Zaidi ya asilimia 80 ya ada inayodaiwa hailipwi. Kumfuata mtu mmoja kwa wakili kwa ajili ya randi 265 ni kumfukuza kuku kwa gari la zimamoto.

Wajapani wana sura ya tatu. Sheria inamtaka aliyefunga kipokezi aingie mkataba na NHK, shirika lao la utangazaji la umma, na Mahakama ya Juu yao ilisema Desemba 2017 kwamba sharti hilo halivunji katiba. Hakuna kosa la jinai. Kuna madai ya kawaida, na tangu Aprili 2023 asiyeomba mkataba kwa wakati bila sababu halali anaweza kutozwa nyongeza ya mara mbili ya alichokwepa.

Sasa lile kosa la pili, ambalo kwangu linaudhi kuliko la kifurushi: kuita kila televisheni ya serikali "televisheni ya umma", kisha kudai wananchi wailipie ada. Kukusanya fedha kwa watazamaji hakuifanyi chaneli iwe yao. La kuuliza ni nani anapanga kiwango na nani anaweza kukizuia. Korea Kusini ada ya KBS, shirika la utangazaji la umma la huko, imekwama kwenye won 2,500 kwa mwezi tangu 1981. Uingereza serikali ndiyo hupanga, na iliigandisha kwenye pauni 159 kwa miaka miwili hadi Aprili 2024, wakati bei za kila kitu zikipanda. Shirika halikukatazwa kutangaza lolote, lilipunguziwa tu pumzi. Ujerumani tume huru ndiyo hukokotoa mahitaji ya mashirika, kisha majimbo yote 16 hupitisha. Jimbo moja, Saxony-Anhalt, lilipokwamisha nyongeza Desemba 2020, Mahakama ya Katiba iliirudisha mwaka uliofuata, ikisema kukwamisha fedha bila sababu halali ni kuingilia uhuru wa utangazaji. Ufaransa ilifuta ada yake ya euro 138 mwaka 2022 na kuweka fungu kutoka kodi ya ongezeko la thamani. Mtazamaji hakuacha kulipa. Anailipa dukani bila kuiona, na anayepanga fungu ni bunge na serikali.

Nikipewa nafasi ya kuchagua, ningechukua mchango unaopanda na kipato kama wa Finland, ukokotolewe na tume kama ya Ujerumani. Leseni ya kifaa ningeiacha ipumzike. Na pale ambapo mkurugenzi wa habari huteuliwa na kuondolewa kwa simu kutoka ikulu, nisingetoza watazamaji ada yoyote kwa jina la umma. Hiyo igharimiwe na bajeti ya serikali na iitwe ilivyo.

Kwa hiyo anayesema "siitazami" ana hoja mbili nzuri karibu yake, achague mojawapo. Aseme hataki nchi iwe na utangazaji wa umma hata kidogo, au aseme unaweza kuwapo lakini si kwa kumtoza maskini sawa na tajiri. Zote zinajadilika. Na ikiwa yuko Uingereza, na ni kweli hatazami chochote mubashara wala hagusi iPlayer, hana haja ya kubishana na mtu: ajaze tamko kwamba hahitaji leseni, akubali kuulizwa tena baada ya muda, na asilipe.