Kikomo cha mwaka kwenye bima ya meno ya Marekani: maana yake kwa mtu anayetaka kurekebisha meno

Ndugu zangu mlioko Marekani, kama daktari kashakwambia gego lako linahitaji ruti kanali (kutolewa mshipa) na krauni (kofia ya kulifunika jino) na sasa unatafuta bima ya meno, usianze na hela ya kila mwezi, anza na kikomo cha mwaka, wenyewe wanakiita anyuo maksimamu. Ni kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni ya bima itakulipia ndani ya mwaka mmoja, kikiisha kimeisha, kinachobaki chote ni chako. Mipango mingi inaishia dola 1,000 mpaka 2,000.

Wengi wanachanganya hapa kwa sababu bima ya afya ya kawaida ya huku inaenda kinyume chake, kule kikomo kinamlinda mgonjwa, ukishatoa mfukoni kiasi fulani kwa mwaka bima inabeba kilichobaki kwa huduma zake, hata upasuaji wa moyo. Kwenye meno kikomo kinailinda kampuni. Na ina historia yake, bima ya meno ya huku ilianzia pwani ya magharibi mwaka 1954, chama cha wafanyakazi wa bandarini, ILWU, kilipotaka watoto wa wanachama wake watibiwe meno. Mpaka leo umbo lake ni la kuzuia meno yasioze zaidi kuliko kujenga yaliyokwisha kuoza: kusafisha na kupima bima inalipa asilimia 100, kuziba jino asilimia 80, vitu vikubwa kama krauni, briji (jino la kuziba pengo linaloshikiliwa na meno ya pembeni) na meno bandia asilimia 50. Ndo mgawanyo wa kawaida, ingawa kila mpango una wake, na ruti kanali ndo inayohamahama, mpango mmoja unaiweka kwenye 80, mwingine kwenye 50, kwa hiyo isome kabla hujasaini.

Tuweke hesabu. Tuseme ruti kanali ya gego ni dola 1,300, kulijenga lile jino kabla ya krauni 300, krauni yenyewe 1,400, jumla 3,000. Una mpango wa dola 40 kwa mwezi, unatanguliza 50 zako kabla bima haijaanza kulipa, kikomo ni 1,500. Mwaka huohuo umeshasafisha meno na kupigwa eksirei bima ikalipa 300, na kwenye mipango mingi hiyo nayo inahesabiwa ndani ya kikomo, kwa hiyo umebakiwa na 1,200. Ruti kanali: toa 50, chukua asilimia 80 ya 1,250, bima inalipa 1,000. Zimebaki 200 tu. Krauni na ule ujenzi ni 1,700, nusu yake ni 850, ila bima haina 850 ya kukupa, inakupa zile 200 na kufunga. Unaona sasa, uliahidiwa asilimia 50 ya krauni ukapata kama 12. Bima imetoa 1,500 mwaka mzima, wewe umeilipa 480, imekusaidia kama dola 1,020. Sio kidogo, lakini sio kile ulichodhani umenunua, na kwenye lile jino peke yake bado umetoa 1,800.

Ndo maana watu wanaojua wanagawa kazi katika miaka miwili ya bima. Ruti kanali Desemba, krauni Januari kikomo kikiwa kipya: hapo bima inalipa 1,000 mwaka wa kwanza na 825 wa pili (zile 50 unazitanguliza tena mwaka ukianza upya, inabaki nusu ya 1,650), na wewe kwenye jino lile unatoa 1,175 badala ya 1,800. Ila angalieni mambo mawili. Moja, mwaka wa bima sio lazima uanze Januari, kuna mipango inayohesabu tangu tarehe uliyojiunga. Pili, krauni ina tarehe mbili, siku jino linachongwa na siku krauni yenyewe inagundishwa, kuna kampuni inalipa kwa tarehe ya kwanza na nyingine kwa ya pili, ukikosea hapo hesabu yote inarudi mwaka wa zamani. Na gego lililotolewa mshipa halipendi kukaa muda mrefu bila krauni, linaweza kupasuka likawa la kung'olewa, kwa hiyo muulize daktari kwanza kama linaweza kungoja, usiamue mwenyewe kwa sababu ya hela.

Ukishaelewa kikomo, kinachofuata ni muda wa kungoja. Mipango mingi ya kununua mwenyewe inakwambia subiri miezi 6 kwa kuziba, miezi 12 kwa krauni na briji, na muda wote huo unalipa kila mwezi. Bima ya kazini mara nyingi haina hilo, kwa hiyo kama mwajiri wako anatoa bima ya meno na dirisha la kujiunga liko wazi, ingia hapo kabla hujahangaika nje. Kama ulikuwa na bima nyingine na hukuacha pengo katikati, omba barua ya kuthibitisha, kampuni nyingi zinaweza kukufutia kungoja. Na yale matangazo ya "hakuna kungoja, siku ya kwanza unatibiwa", yasome mpaka chini kabisa, kuna mipango inayolipa asilimia 10 au 20 tu ya krauni mwaka wa kwanza halafu inapanda taratibu mpaka 50 mwaka wa tatu. Huko ni kungoja kulekule kwa jina lingine.

Sasa nakuja kwenye kipengele kinachotuumiza sisi kuliko watu wengi, cha jino lililokuwa halipo. Kinasema kama jino lilitoka kabla hujajiunga na bima hii, bima hailipi kitu cha kuliziba lile pengo, iwe briji, implanti (jino la kupandikizwa kwenye mfupa), wakati mwingine hata meno bandia. Fikiria sasa watu wetu wangapi waling'olewa magego huko nyumbani, Tanga, Kisumu, Bukavu, kambini Nyarugusu au Kakuma, kwa sababu kung'oa ndo matibabu yaliyokuwepo na yaliyowezekana. Mama anafika huku ana magego manne hayapo, anajiandikisha bima akitegemea atapata briji atafune vizuri, analipa mwaka mzima wa kungoja kwa uaminifu, halafu anajibiwa hapana kwa sababu ya jino lililotoka akiwa msichana. Inaniuma sana hii. Kipo kwenye mipango mingi lakini sio yote, kwa hiyo mwenye pengo asinunue chochote kabla hajapiga simu na kuuliza swali hilohilo moja, jino langu lilitoka kabla, mnalipa briji au hamlipi, na aombe aonyeshwe mstari unaosema hivyo kwenye mkataba.

Jirani yake ni suala la meno ya kahawia. Waliokulia maji ya Arusha na kuzunguka Mlima Meru, au Bonde la Ufa upande wa Kenya, wanajua floraidi inavyoacha madoa kwenye meno. Kuyafunika ili yapendeze bima inaita urembo na hailipi. Kama jino limemomonyoka au limevunjika, hayo ni matibabu, basi daktari aandike hivyo na aambatanishe picha na eksirei.

Kuna pia kushushiwa daraja: daktari anaziba gego kwa dawa nyeupe, bima inalipa kwa bei ya ile ya rangi ya fedha, tofauti unaitoa wewe. Na krauni ya zamani hawakubali kuibadilisha mpaka ipite miaka 5, wengine 10.

Dawa ya maswali yote haya ni kuomba makadirio kabla ya kazi. Ofisi ya daktari inatuma mpango wa matibabu kwa bima ukiwa na namba (code) ya kila kazi, kwa mfano D3330 ni ruti kanali ya gego, D2950 kujenga jino, D2740 krauni ya kauri, D6010 kupandikiza implanti, na bima inajibu kwa maandishi italipa ngapi na kikomo chako kimebaki ngapi. Sio ahadi ya asilimia mia, lakini inaonyesha mapema kipengele gani kitakukwamisha. Ukiwa na namba hizo unaweza pia kupiga simu kwenye bima unayofikiria kununua ukauliza moja moja. Uliza na kama daktari wako yuko kwenye mtandao wao, yaani madaktari wenye mkataba na bima hiyo, maana bei ya mtandao iko chini na mara nyingi unaendelea kuipata hata kikomo kikiisha.

Kama hesabu inakataa, kuna njia nyingine. Mipango ya DHMO, aina nyingine ya bima ya meno, kwa kawaida haina kikomo cha mwaka, ina orodha ya bei yako kwa kila namba ya kazi, ila unafungwa kwa madaktari wao wachache. Wenye kipato kidogo waanze na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, walio chini ya miaka 21 wanalipiwa meno kila jimbo, watu wazima inategemea jimbo. Wazee wasitegemee Medicare ya kawaida, bima ya serikali ya wazee, karibu kazi yote ya meno hailipi. Na vyuo vinavyofundisha udaktari wa meno vinatengeneza krauni na briji kwa bei ya chini kuliko kliniki binafsi, wanafunzi wanafanya chini ya macho ya mwalimu, utakaa kwenye kiti muda mrefu na utarudi mara nyingi, lakini hapo hakuna anayekuuliza jino lilitoka lini.