Wingi wa data haufuti kosa: dhana potofu kuhusu takwimu za afya ya watoto

Sipiti robo mwaka bila kuisikia kwenye kikao cha mapitio ya data: "Data zikiwa nyingi, makosa madogo madogo yanajifuta yenyewe." Husemwa na watu wazima, wenye vyeti, na wenzao wakaafiki.

Hayajifuti. Yanayofutika ni ya kubahatisha tu: mizani ya huku imezidisha gramu mia, ya kule imepunguza. Kosa lililoelemea upande mmoja likirudiwa mara milioni linabaki palepale, ila sasa tunaliamini zaidi. Chukua Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya pentavalenti inayokinga magonjwa matano. Kiwango cha chanjo ni waliochanjwa gawanya kwa walengwa, na walengwa hao hatuwahesabu nyumba kwa nyumba, tunawakadiria kutoka kwenye sensa. Tanzania ilihesabu watu 2012, kisha 2022. Wilaya iliyojaa wahamiaji wa machimboni katikati hapo iliendelea kugawa kwa makadirio ya zamani, ikapata asilimia 115 na watu wakapiga makofi. Asilimia 115 ya watoto, jamani! Baadhi ni wa wilaya jirani, wengine wameshavuka mwaka lakini wamejazwa kwenye safu ya chini ya mwaka. Na yule wa dago la wavuvi ambaye hajachomwa sindano hata moja? Hayumo. Rejesta humwandika anayefika. Unganisha vituo elfu kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya, bado hatatokea.

Nimeshasema mpaka basi: anzeni kulinganisha Penta 1 na Penta 3 za kituo kilekile. Hapo makadirio ya walengwa hayaingii kabisa. Pengo likipita asilimia 10, watoto wanaanza na hawamalizi. Fungua rejesta, toa majina, wafuatwe. Aliyekosa hata Penta 1 atapatikana kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii kupita kaya kwa kaya, si kwa seva mpya.

Wengine husema data kubwa ni mambo ya nchi tajiri. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Rufiji na Morogoro, kaya zilifuatiliwa moja moja na vifo vikaandikwa. Timu za wilaya zikaona malaria inaua watoto wengi huku ikipewa fungu dogo la bajeti, wakapanga upya matumizi. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Akili mnemba haikuhusika.

Dhana nyingine: "Mistari ya ukuaji kwenye kadi ya kliniki ni ya watoto wa Kizungu, wetu ni wadogo kwa asili." Si kweli. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya 2006 vilitokana na watoto wapatao 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wakilishwa na kutunzwa vizuri, walikua kwa namna inayokaribiana sana. Mtoto aliyeshuka mstari achunguzwe, asitafutiwe ukoo.

Kufuta jina nako hakutoshi kumficha mtoto: kijiji, tarehe ya kuzaliwa na neno "pacha" vinamtaja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo acheni kurushiana orodha kwenye WhatsApp.

Kuhusu programu ya akili mnemba ya kutambua magonjwa: hujifunza kwenye rejesta zetu. Daktari akiandika "malaria" kwa kila mtoto mwenye homa bila kupima, nayo itaandika malaria. Kabla ya kuinunua, hakikisheni mRDT, vipimo vya haraka vya malaria, zimo kabatini.